Baraka Isiyokaa Nyumba Moja

Njooni mkae, wajukuu zangu, nina hadithi. Hii si ya Abunuwasi wala ya sungura na fisi. Watu wake waliishi kweli, na vilima walivyopanda vipo mpaka leo.

Kwanza niwaulize: mtu akisema amebarikiwa, anamaanisha nini? Wengi mtanijibu kwamba amefaulu mtihani, amejenga nyumba, au amepona ugonjwa. Hayo ni mema, na ni haki kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ipo baraka ya rohoni, na hiyo utaitambua kwa dalili moja: aliyeipokea hawezi kukaa nayo peke yake.

Mwaka 1929, Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali. Kule Gahini, kando ya ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali ya misheni, na daktari wake alikuwa kijana kutoka Uingereza, Joe Church. Alitibu na kuhubiri hadi akachoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda mmoja aliyeitwa Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali. Wote wawili walikuwa na kiu ile ile. Wakafungua Biblia, wakasoma habari za Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja.

Labda mtasema, kuna ajabu gani watu wawili kusali? Ajabu ipo. Ule ulikuwa wakati wa ukoloni. Mzungu alikuwa bwana, Mwafrika alitumwa. Hawa wawili walipiga magoti sawa, kila mmoja akikiri kwamba ni mhitaji mbele za Mungu. Wengi wanaosimulia Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa imani uliosambaa katika nchi hizi, huanzia hapo.

Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha wainjilisti. Pale hospitalini alikuwepo pia msaidizi wa daktari, Yosiya Kinuka, ambaye hakuridhika na kazi wala na wenzake. Alipokwenda kumwona Nsibambi, alitegemea kuhurumiwa. Nsibambi akamwambia atazame kwanza moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, na wenzake wakaliona hilo katika namna alivyofanya kazi.

Zamani, mama akikuta moto wake umezimika jikoni, alimtuma mtoto kwa jirani kuomba kaa. Jirani alitoa, na moto wake haukupungua. Uamsho nao ulitembea hivyo, kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 1935 watu wa Gahini walikuwa Kabale, Uganda, wakishuhudia. Mwaka 1937 walikuwa Kabete, karibu na Nairobi. Ukafika Burundi, ukafika Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika. Wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ukawa wimbo wa Wanyarwanda, Wakikuyu, Wahaya na Wajaluo. Hata asiyejua neno jingine la Kiganda aliuimba huo.

Ibada zao zilikuwaje? Walikutana kanisani, nyumbani, au chini ya mti. Walisoma Neno, kisha mmoja akasimama na kutoa ushuhuda. Hakusimama kujisifu. Alitaja dhambi yake waziwazi: nimesema uongo, nimemchukia ndugu yangu, nimeiba. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Akimaliza, wenzake walimwimbia Tukutendereza na kumkumbatia. Fikiria mtu aliyebeba siri kwa miaka mingi akidhani ikijulikana atatengwa. Anaisema, na badala ya kutengwa anaimbiwa. Hapo ndipo wengi walipoonja baraka kwa mara ya kwanza.

Lakini ibada haikuishia kwenye wimbo. Aliyeiba alirudisha. Aliyekosana na jirani alikwenda kwake. Mnamkumbuka Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko? Yesu alipoingia nyumbani kwake, yeye mwenyewe aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakuna aliyemlazimisha. Furaha ilipoingia, mali ya watu ikatoka.

Sasa sikilizeni habari za Festo Kivengere. Mwaka 1941 alikuwa mwalimu kijana huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na alikuwa ameipa imani kisogo. Alipotubu, moyo wake ulijaa furaha. Lakini furaha ile ikamkumbusha Mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Kijana huyu akapanda baiskeli, akasafiri maili 50, kama kilometa 80, kumwendea mtu huyo. Mnaijua Kigezi? Ni nchi ya milima. Ukipanda mmoja, mwingine unakusubiri. Kila alipokanyaga pedali alikuwa na nafasi ya kugeuza baiskeli na kurudi nyumbani. Hakugeuza. Alifika, akaomba msamaha kwa chuki aliyokuwa nayo, akamwita yule mtu ndugu.

Yesu alifundisha kwamba ukileta sadaka madhabahuni na kukumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Festo alilitii hilo kwa miguu yake. Baadaye akawa askofu. Mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa wakati wa utawala wa Idi Amin, Festo alilazimika kuikimbia Uganda. Akiwa uhamishoni aliandika kitabu kueleza kwa nini alichagua kumsamehe hata Amin. Mwalimu aliyeanza kusamehe na kusamehewa kwa safari ya baiskeli aliweza, miaka mingi baadaye, kuubeba mzigo mkubwa kuliko ule.

Msidhani watu wa uamsho walikuwa malaika. Wapo waliojiona bora kuliko Wakristo wenzao, na wapo waliogombana wao kwa wao. Kila walipofunga baraka ndani ya kundi lao na kuwadharau wa nje, furaha yao ilipungua.

Nanyi leo mnaweza kuiona baraka ikitembea. Nendeni kwenye ibada ya mavuno katika makanisa yetu mengi. Asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, kuku, au mayai matatu kwenye kikapu. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uwanjani. Mzee mmoja ananunua kuku kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, kisha anamkabidhi mjane aliyesimama pembeni. Kanisa limepata, mjane amepata, na mzee anarudi nyumbani mikono mitupu akiimba.

Basi, wajukuu zangu, Jumapili ijayo msiulize tu mmepata nini kanisani. Ulizeni nani anangoja kitu kutoka kwenu: kalamu uliyoichukua bila ruhusa, rafiki uliyemnunia, mtoto mgeni anayekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Nendeni kwake siku hiyo hiyo. Msingoje kuwa wakubwa.