Sinema na Watazamaji Wake Ukambani (3): Staringi Anapokufa

Katika vibanda vya video vya Machakos, sawa na vya Tala au Masii, ipo sheria ambayo haikupitishwa na bunge lolote: staringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa kutoka ghorofani, atafungwa kamba na kuachwa kwenye nyumba inayoungua, lakini filamu haitakwisha kabla hajanyanyuka, akajipangusa damu mdomoni na kumaliza kazi. Mtoto wa darasa la pili anaijua sheria hii. Ndiyo maana anayechelewa kuingia haulizi filamu inahusu nini. Anauliza staringi ni nani, ili ajue moyo wake aukabidhi kwa nani.

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza jinsi picha zilivyoingia vijijini kwa magari ya serikali, kisha kwa mikanda ya video. Leo nataka kuijadili filamu moja ya Kenya iliyoivunja sheria hiyo mbele ya watoto, na kueleza kwa nini watu wanaoitazama hucheka pale ambapo mgeni angetarajia wanyamaze.

Filamu yenyewe ni Supa Modo ya Likarion Wainaina. Ilionyeshwa mara ya kwanza Februari 2018 katika tamasha la Berlin, kwenye kitengo cha filamu za watoto, na jopo la majaji watoto likaitaja kwa heshima. Mwaka huohuo Kenya iliiteua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar. Ni zao la One Fine Day Films, mradi wa Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann ambao ulikuwa umeshatupa Soul Boy, Nairobi Half Life na Kati Kati. Haifiki hata saa moja na nusu. Mhusika mkuu, Jo, ni msichana wa miaka tisa anayeigizwa na Stycie Waweru. Anaugua ugonjwa usiotibika, na anapenda filamu za mapigano na za mashujaa wanaoruka angani. Mama yake, anayeigizwa na Maryanne Nungo, anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani, katika kijiji cha Maweni, akamalizie siku zake huko. Dada yake, Mwix, hakubali mtoto afungiwe chumbani kungoja kifo. Anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingizwa katika njama hiyo. Jo akiamuru wachezaji wa mpira wasimame, wanasimama kama sanamu. Hatimaye wanakijiji wanaamua kumtengenezea filamu, yeye akiwa ndiye staringi.

Halafu Jo anafariki. Filamu yake inaonyeshwa kijijini yeye akiwa hayupo.

Hadithi za namna hii, za mtoto anayekomazwa kabla ya wakati na jambo ambalo watu wazima wenyewe limewashinda, zina ukoo mrefu duniani. Wamarekani wamezitengeneza nyingi wakiziweka katika majimbo yao ya kusini, kwenye miji midogo yenye joto, vumbi na makanisa mengi, ambako kila mtu anajua ya jirani yake. To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962 ni ya ukoo huo. Mimi naipenda zaidi Sounder ya mwaka 1972, kuhusu familia ya wakulima weusi wa Louisiana ambao baba yao anafungwa kwa kuiba nyama ya kuwalisha wanawe. Siku anayorudi, mkewe, aliyeigizwa na Cicely Tyson, anamwona kwa mbali na kuanza kumkimbilia barabarani. Hakuna hotuba pale. Mkamba yeyote aliyewahi kumngojea mtu wa kwao arudi kutoka Mombasa, au kutoka vitani alikopelekwa na jeshi la kikoloni la KAR, hahitaji kufasiriwa mbio zile. Jiografia ya filamu hizi inatuhusu kuliko tunavyodhani. Ukiisimamisha kamera Kathiani au Mwala mwezi wa Septemba, mvua ikiwa bado mbali, utapata udongo uleule, mwanga uleule mkali, na akina mama walewale wanaotoka kanisani wakiwa wamevaa leso.

Nimeitazama Supa Modo pamoja na watu wa rika mbalimbali hapa Machakos, na kila mara nimeona jambo lilelile. Kwenye mechi ya mpira ukumbi unavunjika mbavu. Watu wanapiga makofi, wanamwelekeza Jo la kufanya, wanamzomea mchezaji anayesahau kuganda. Dakika chache baadaye mtoto anadhoofika, na bado kuna kicheko. Kimepungua, kina mikwaruzo, lakini kipo. Mama mmoja anasema "Woi!" kwa sauti. Mzee anakohoa kikohozi ambacho si cha mafua. Kijana anamtania mwenzake kwamba analia, naye mwenzake anajibu ni vumbi. Mtazamaji aliyezoea kumbi za Ulaya, ambako kilio cha sinema ni cha gizani na kila mtu na leso yake, angesema hawa hawajaielewa filamu.

Hivyo ndivyo wakoloni walivyosema hasa. Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya katani Afrika Mashariki, alianzisha pamoja na G. C. Latham jaribio la sinema ya kuwaelimisha Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Kwa muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi kusini, Nyasaland. Mojawapo, Gumu, ilikuwa filamu ya kijana wa shamba anayeingia mjini na kupotoshwa na marafiki wabaya. Kwa maneno mengine, filamu ya kukua ilitufikia mapema sana, ila iliwekwa kwenye bakuli la mahubiri. Baadaye, Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliunda kitengo cha filamu cha makoloni chini ya William Sellers. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazorukaruka, kwa hiyo filamu zake ziende polepole, kamera itulie, na wakati usirudi nyuma. Kicheko kisichotarajiwa kilichukuliwa kuwa ushahidi.

Kuna kisa ambacho mtaalamu mmoja wa Kiingereza, John Wilson, alikisimulia na ambacho kimerudiwa katika vitabu vingi. Watu kama 30 wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa filamu ya dakika tano kuhusu kumwaga maji yaliyotuama. Bwana afya alifanya kila kitu taratibu, kama Sellers alivyotaka. Walipoulizwa wameona nini, walijibu wameona kuku. Watengenezaji hawakujua hata kama filamu yao ilikuwa na kuku! Ikabidi waipitie picha moja baada ya nyingine, wakamkuta: kuku aliyeruka pembeni kwa sekunde moja hivi. Kisa hiki husimuliwa kuonyesha upungufu wa watazamaji. Mimi nakisoma kinyume. Mtu mgeni ameingia kwenye boma, hajasalimia, anachokorachokora makopo, na anamtishia kuku wa watu. Mwenye mji gani asingemwangalia kuku?

Kosa la kina Sellers halikuwa la macho. Walidhani kutazama ni kupokea, kama mwanafunzi anayeandika imla. Huku kwetu hadithi haikuwahi kupokelewa hivyo. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alipochapisha mkusanyiko wake Akamba Stories mwaka 1966, alituhifadhia ngano za jioni ambazo msimulizi hakuwa nazo peke yake. Zilikuwa na nyimbo za kuitikiwa, na mahali pa wasikilizaji kushangaa, kukanusha na kumwonya mhusika. Aliyenyamaza kabisa alidhaniwa amelala.

Kibanda cha video kiliirithi desturi hiyo, kikaiongezea spika. DJ Afro alijipatia jina Kenya nzima kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, akiwabandika wahusika majina na kutabiri kipigo kabla hakijafika. Tanzania walikuwa na marehemu Lufufu, na Uganda wana VJ Jingo. Wasomi wengi huwapuuza watu hawa, na hilo ni kosa, kwani ndio walioufundisha umma mkubwa kusoma filamu. Likarion Wainaina na waandishi wenzake hawakuwapuuza. Katika Maweni yupo Mike, mtu wa kuonyesha sinema, na bila yeye ile njama ya kijiji haiendi popote. Kwa hiyo mtazamaji wa Machakos anapoiangalia Supa Modo hakutani na kijiji kigeni. Anajiona yeye mwenyewe, amekaa kwenye benchi, akipiga kelele.

Hapo ndipo kicheko kinapoeleweka. Wanakijiji wa Maweni wanacheka na Jo huku wakijua anakufa. Wanaganda uwanjani kwa ajili yake, na vicheko vyao ndiyo kazi waliyoitiwa. Sisi tunaotazama tumeingizwa katika njama ileile. Tukinyamaza kwa huzuni mapema, tutakuwa tumemwambia mtoto ukweli ambao kijiji kizima kimekubaliana kumfichia. Ni adabu ya matanga. Yeyote aliyewahi kukesha kwa wafiwa anajua kwamba usiku wa manane, uji ukiwa mekoni, kuna mzee atakayeanza kusimulia vituko vya marehemu mpaka mjane mwenyewe acheke. Hakuna anayesema mzee yule hajaelewa kwamba kuna msiba.

Mabishano baada ya filamu huwa makali kuliko machozi. Wengi wa akina mama niliowasikia wako upande wa mama yake Jo. Amesomeshwa na maisha, wanasema, na anajua mwili wa mtoto mgonjwa unahitaji kupumzika. Mwix ni msichana tu, anacheza na uhai wa mdogo wake. Vijana wanamtetea Mwix kwa pumzi moja. Wanaume wa makamo hukwepa, na kuanza kuuliza gharama za hospitali, jambo ambalo si la kipuuzi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wanaougua saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Filamu haitoi takwimu hizo, lakini mzazi wa Machakos anaingia nazo ukumbini, maana anao ndugu au jirani aliyewahi kuitisha harambee ya matibabu.

Suala lililo gumu zaidi katika mabishano hayo ni la kumwambia mtoto ukweli. Sisi huwaambia watoto kwamba babu amelala, au amesafiri. Tunawatuma dukani jeneza linapopita. Supa Modo haiwahubirii wazazi juu ya hilo, na nadhani ndiyo sababu inawagusa. Inamruhusu kila mtu adanganye kwa upendo, halafu inawaonyesha uzito wa kuubeba uongo huo siku baada ya siku. Uso wa Maryanne Nungo mlangoni, akimwangalia binti yake akicheza, unasema yale ambayo mwandishi mvivu angemwandikia hotuba ya kurasa mbili.

Nina lalamiko moja. Kwa kiasi fulani filamu inakipendelea mno kijiji. Maweni haina jirani mchoyo wala mchungaji anayedai mtoto aombewe badala ya kuchezeshwa. Vijiji ninavyovijua mimi vingekuwa nao wote wawili, na pengine hadithi ingenoga zaidi.

Kuhusu mahali pa kuitazama, hali yetu inachekesha kidogo. Alfred Mutua, gavana wa kwanza wa kaunti hii kuanzia 2013 hadi 2022 na mtengenezaji wa tamthilia ya Cobra Squad, alitangaza kwamba Machakos itakuwa kitovu cha filamu, na mpango ukaitwa Machawood. Jina lilivuma. Katika mpango wa aina hiyo kamera hutajwa kwanza, na benchi la mtazamaji hutajwa mwisho kama halijasahauliwa. Vijana wetu wanatengeneza filamu, na hata tamasha la drama la shule siku hizi lina kitengo cha filamu. Lakini wengi niliozungumza nao waliiona Supa Modo kwenye simu, peke yao, usiku, waya masikioni. Wao hawakucheka pale kwenye mechi. Walilia mapema zaidi, na hawakuwa na mtu wa kubishana naye kuhusu Mwix.

Wiki ijayo nitaigeukia filamu nyingine ya kukua ya mwaka huohuo wa 2018, Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyopigwa marufuku mwezi Aprili. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliiondolea marufuku hiyo kwa siku saba tu. Nitaeleza kilichotokea katika kumbi za Nairobi wiki hiyo, pale watazamaji walipojua kwamba siku zao za kutazama zimehesabiwa na mahakama.