Mabishano ya Mashabiki wa Kriketi: Je, Nahodha Alikosea?



Bila shaka umewahi kuwasikia watu wakibishana juu ya mpira wa miguu. "Kwa nini fulani ameachwa nje?" "Kwa nini hawakuulinda ushindi?" Mabishano ya namna hiyo yapo pia katika mchezo wa kriketi. Tena ya kriketi ni marefu zaidi, kwa sababu mchezo mmoja unaweza kuchukua siku tano.

Katika somo hili tutasoma juu ya mchezo mmoja uliochezwa katika mji wa Kolkata, nchini India, mwezi wa Machi mwaka 2001. India ilicheza na Australia. Tutaona mambo waliyokuwa nayo mashabiki ya kubishania. Kisha tutajifunza jinsi ya kupima hoja zao.

Kriketi huchezwaje?

Kila timu ina watu 11. Timu moja hupiga. Timu nyingine hurusha mpira na kuudaka. Nyuma ya mpigaji husimamishwa vijiti vitatu. Mrushaji hujaribu kuviangusha kwa mpira. Mpigaji huvilinda kwa gongo la mbao.

Mpigaji akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi. Kila wakibadilishana, timu yao hupata mkimbio mmoja. Timu yenye mikimbio mingi ndiyo hushinda.

Mpigaji hutolewa kama vijiti vyake vimeangushwa. Hutolewa pia kama mpira alioupiga umedakwa kabla haujagusa chini. Ziko njia nyingine, lakini hizi mbili zinatosha kwa somo letu. Wapigaji 10 wakitolewa, zamu ya timu hiyo imekwisha.

Katika mchezo wa siku tano, uitwao Testi, kila timu ina zamu mbili za kupiga. Siku tano zikiisha kabla zamu hazijakamilika, kwa kawaida mchezo huwa sare. Kwa hiyo nahodha wa kriketi huhesabu mikimbio, na huhesabu saa pia.

Kuna sheria moja ambayo lazima uijue. Timu iliyotangulia kupiga inaweza kuongoza kwa mikimbio 200 au zaidi baada ya kila timu kupiga mara moja. Hapo nahodha wake ana ruhusa ya kuwaambia wapinzani, "Rudieni ninyi kupiga." Wapinzani hupiga zamu yao ya pili papo hapo. Halazimishwi kufanya hivyo. Anaweza kuamua timu yake ndiyo ipige.

Mambo yalivyokuwa Kolkata

Australia ilifika Kolkata ikiwa imeshinda michezo 16 ya Testi mfululizo. Mchezo wa 16 waliushinda India kwenyewe, katika mji wa Mumbai, kwa siku tatu tu.

Kolkata, Australia ilitangulia kupiga, ikapata mikimbio 445. India ikajibu kwa mikimbio 171 tu. India ilikuwa nyuma kwa mikimbio 274. Ilikuwa siku ya tatu, asubuhi. Nahodha wa Australia, Steve Waugh, akawaambia India warudie kupiga.

Watu wa Kolkata wanapenda sana mazungumzo. Wana neno lao, adda, maana yake ni kukaa pamoja na kuzungumza kwa muda mrefu. Ni kama sisi tunavyokaa barazani. Wakati wa Testi watu hukaa kwenye vibanda vya chai, redio ikiwa wazi, wakibishana juu ya kila uamuzi wa manahodha. Uamuzi wa Waugh ulikuwa na mengi ya kubishaniwa.

Hoja za pande mbili

Anayemuunga mkono Waugh ana hoja hizi. Wapinzani wameshindwa sasa hivi, na mioyo yao imevunjika. Mshike adui akiwa chini. Tena muda upo mwingi. Wakitolewa mapema, ushindi ni wetu.

Anayempinga naye ana hoja zake. Warushaji wamekwisha kufanya kazi. Ukiwarudisha uwanjani mara moja, watachoka, maana joto la Kolkata ni kali. Jambo la pili ni ardhi. Kufikia siku ya tano, mahali mpira unapodundia pamechakaa. Mpira hupinda na kuruka vibaya. Ukiwaambia wapinzani warudie, huenda wewe ndiye utakayepiga siku hiyo mbaya.

Angalia, msomaji. Pande zote mbili zina sababu. Huu si ugomvi wa makelele. Ni watu wanaopima mambo.

Mabishano juu ya uteuzi

Palikuwa na mabishano mengine, nayo ni juu ya nani acheze na wapi.

Anil Kumble, mrushaji hodari wa India wa mipira ya kuzunguka, alikuwa ameumia bega. Nani achukue nafasi yake? Nahodha wa India, Sourav Ganguly, alimtaka kijana wa miaka 20, Harbhajan Singh. Kumpa kijana mzigo kama huo ni jambo la kubishaniwa popote. Ganguly ni mwenyeji wa Kolkata. Mashabiki wake humwita Dada. Kwa Kibengali, lugha ya huko, neno hilo maana yake ni kaka mkubwa.

Jambo la pili lilikuwa nafasi za wapigaji. Rahul Dravid alizoea kupiga wa tatu, na VVS Laxman alipiga wa sita. Katika zamu ya kwanza Dravid alipata mikimbio 25. Laxman alipata 59, akiwa chini kabisa karibu na warushaji. Basi katika zamu ya pili wakuu wa timu waliwabadilisha. Laxman akapanda wa tatu. Dravid akashuka wa sita.

Yaliyotokea

Siku ya nne Laxman na Dravid walipiga kutwa nzima. Hakutolewa mtu hata mmoja. Waugh alijaribu warushaji tisa kati ya watu wake 11, lakini wapi! Laxman alipata mikimbio 281. Dravid alipata 180. Wawili hao kwa pamoja waliongeza mikimbio 376.

Siku ya tano Ganguly aliifunga zamu yake India ikiwa na mikimbio 657. Sasa Australia ilitakiwa kupata 384. Hapo napo mashabiki walipata la kubishania. Je, amechelewa kufunga? Je, muda uliobaki utatosha kuwatoa watu 10?

Wakati wa chai Australia ilikuwa na mikimbio 161, na watu watatu tu walikuwa wametolewa. Ilionekana kama sare. Baada ya chai mambo yakageuka. Kutoka mikimbio 166 hadi 174, Australia ilipoteza watu watano. Harbhajan aliwatoa watu 6 katika zamu hiyo. Ganguly alimpa mpira hata Sachin Tendulkar, ambaye sifa yake kubwa ni kupiga. Tendulkar akawatoa watatu.

Australia ilimalizwa kwa mikimbio 212. India ilishinda kwa tofauti ya mikimbio 171. Katika mchezo mzima Harbhajan alitoa watu 13. Kisha India ilishinda na mchezo wa tatu, katika mji wa Chennai. Kweli, kutangulia si kufika.

Je, Waugh alikosea?

Baada ya mchezo ni rahisi kusema, "Nilijua tu!" Lakini tufikiri vizuri.

Tangu Testi zianze mwaka 1877, mambo kama hayo yalikuwa yametokea mara mbili tu kabla ya Kolkata. Mara ya kwanza ni Sydney mwaka 1894. Mara ya pili ni Leeds mwaka 1981. Mara zote mbili Australia ndiyo iliyoshindwa, na Uingereza ndiyo iliyoshinda. Baada ya Kolkata ilitokea tena Wellington mwaka 2023. New Zealand iliambiwa irudie kupiga, nayo ikaishinda Uingereza kwa mkimbio mmoja.

Basi jambo hili ni nadra sana. Asubuhi ile Waugh hakuweza kujua kwamba Laxman angepata mikimbio 281. Alipima kwa yale aliyoyaona, na sababu zake zilikuwa nzuri. Anayesema alikuwa mjinga kwa sababu tu alishindwa, hapimi uamuzi. Anapima matokeo.

Lakini yule aliyesema mapema kwamba warushaji watachoka na ardhi itachakaa, huyo asidharauliwe. Alitoa sababu kabla ya mambo kutokea, na sababu hizo zilikuwapo kweli. Ndiyo maana baada ya mchezo huo manahodha wengi wamekuwa wakifikiri mara mbili kabla ya kuwaambia wapinzani warudie kupiga.

Jambo hili latuhusu pia katika kazi zetu. Mkulima hupanda kwa mvua za kwanza. Mvua ikikatika, mbegu hukauka, na watu humcheka. Kabla ya kumcheka, uliza: alijua nini siku ile alipopanda? Je, aliweka akiba ya mbegu? Vivyo hivyo katika mkutano wa kijiji. Mtu akipinga jambo, mwulize sababu yake, tena mwulize mapema. Hoja inayotolewa kabla ya kazi inaweza kuokoa kazi hiyo. Lawama inayotolewa baadaye haijazi ghala.

Maswali

1. Kriketi ya Testi huchezwa kwa siku ngapi?
2. India ilikuwa nyuma kwa mikimbio mingapi baada ya kila timu kupiga mara moja?
3. Taja sababu mbili za kuwaambia wapinzani warudie kupiga, na sababu mbili za kutofanya hivyo.
4. Kuna tofauti gani kati ya kupima uamuzi na kupima matokeo?
5. Jadilianeni darasani: kumbukeni uamuzi mmoja uliofanywa kijijini kwenu. Je, mliupima kwa sababu zake, au kwa matokeo yake tu?