Utando wa Mafuta Juu ya Bahari

Mafuta yachimbwayo chini ya Bahari ya Kaskazini hutoka kisimani pamoja na maji. Maji hayo hutengwa, kisha humwagwa baharini yakiwa na mabaki kidogo ya mafuta. Mapatano ya OSPAR huruhusu wastani wa miligramu 30 kwa kila lita. Bahari ikiwa shwari mabaki huonekana yakielea. Ikichafuka, mawimbi huyavunja yakapotea machoni.

Basi mchunguzi aliye ndegeni aandike nini? Mapatano ya Bonn yamempa msamiati wa daraja tano, na hapa ndipo penye utamu kwa mwanafunzi wa lugha. Mng'ao wa kifedha ni utando wa mikroni 0.04 hadi 0.3, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Rangi za upinde wa mvua hufikia mikroni 5, kwani nuru irudiyo kutoka juu ya utando hukutana na ile irudiyo kutoka chini yake. Kisha utando hung'aa kama chuma kilichosuguliwa, mpaka mikroni 50. Ndipo rangi ya mafuta yenyewe hutokeza, kwanza kwa mabaka, na kupita mikroni 200 bila mapengo.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kilomita moja ya mraba ya mng'ao mwembamba kabisa ina lita 40. Ya utando wa mikroni 200 ina lita 200,000. Aandikaye "bahari imejaa mafuta" hajamwambia hakimu kitu. Walakini mafuta yakishanyonya maji yakawa uji mzito wa kahawia, vipimo hivi havifai tena, wala uji huo sidhani wastahili kuitwa utando.