Sumu ya Madini Baharini Hupimwaje?

Ukiwa mkaa pwani kama sisi wa Mkwaja, umekwisha ona mashua iliyopandishwa mchangani, mwenyewe anaikwangua tumbo kisha anaipaka rangi. Wazee wetu walipaka deheni, yaani chokaa na mafuta. Siku hizi rangi nyingi za dukani za kupaka chini ya maji zina shaba, nayo ndiyo iuayo vidudu vitakavyo kushika ubaoni. Basi, je, shaba hiyo haiui na kitoweo chetu?

Wenye elimu ya bahari hawakisii. Huchukua vyombo kadhaa vya maji safi ya bahari, wakatia kamba au samaki wadogo, idadi sawasawa. Chombo kimoja hakitiwi shaba. Hicho ndicho shahidi: wakifa wengi ndani yake, kuna kosa jingine, na kazi yote hutupwa. Vingine hutiwa shaba kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena. Hungoja saa 96, yaani siku 4, wakihesabu waliokufa. Kipimo kilichoua nusu ndicho kiandikwacho, maana mnyonge wa kwanza na sugu wa mwisho hawaonyeshi hali ya wenzao.

Lakini kutokufa si uzima. Kwa hiyo hujaribu na wachanga: mayai ya chaza yaliyotungwa karibuni hukaa majini siku 2, kisha hutazamwa kwa darubini kama kigamba kimeumbika sawa. Kwa chaza wa Pasifiki, kama gramu 5 tu za shaba katika lita milioni moja za maji zilitosha kuharibu nusu ya watoto. Chaza mzima huvumilia zaidi. Basi mvuvi huona mwamba umejaa wakubwa, asijue kwamba kizazi kinakatika.

Jambo la namna hiyo lilitokea kweli huko Arcachon, Ufaransa, ambako watu hufuga chaza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto wa chaza walikosekana, na magamba ya wakubwa yakaharibika. Iliyoleta hasara ilikuwa rangi ya mashua yenye bati la namna ya pekee, tributilitini. Mwaka 1982 serikali iliikataza kwa mashua ndogo, na watoto wa chaza wakarudi. Mataifa yakapatana London mwaka 2001 kuiondoa, na mapatano yakaanza kazi mwaka 2008. Shaba haikukatazwa.

Sisemi kwamba kopo moja la rangi litaua bahari ya Mkwaja. Ila makombo ya rangi kuukuu yakiachwa mchangani, maji yakijaa huyabeba, na mengine hutua katika tope la mikoko, mahali hasa wakuliapo kamba wadogo. Tandika turubai chini ya mashua kabla ya kukwangua, uyakusanye. Usiyachome, wala usiyafukie karibu na kisima. Betri za tochi nazo zina zinki, na wako watu wazitupao mikokoni kama vifuu vya nazi!

Nanyi akina mama, risasi ya nyavu isikae kinywani mwa mtoto. Madhara yake kwa ubongo wa mtoto hospitali zinayajua siku nyingi.