Nani Aliyeona? Tuwafundishe Watoto Kupima Khabari

Watoto wetu wa chuoni wanaijua isnadi: Hadithi haipokewi mpaka ijulikane fulani kaisikia kwa fulani. Lakini wafikapo kwenye tarikh ya miji na wafalme, adabu hii huiacha mlangoni, wakasadiki kila lililopigwa chapa. Yatupasa tuwafundishe kwamba khabari ni namna mbili. Iko ya asili, itokayo kwa aliyeshuhudia, au kwa kitu kilichobaki tangu zama hizo. Na iko ya kunukuliwa, iliyokusanywa baadaye kutoka kwa wengine.

Natutazame Kilwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akamwona Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu ukarimu wake. Huyo ni shahidi. Ama tarikh ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia mwanzo wa mji, mambo yaliyopita karne nyingi kabla ya mwandishi wake. Hapo yeye ni mnukuzi. Lakini tukitaka kujua watu wa Kilwa wa zama zake waliaminije khabari za asili yao, hapo yeye ni shahidi. Kitabu ni kimoja. Hutegemea tunakiuliza nini.

Wala shahidi hasadikiwi kwa kila neno. Safari ya Ibn Battuta yasema majengo ya Kilwa yalikuwa ya miti, na hali Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwako kabla hajafika, na magofu yake yangali yamesimama. Tena safari hiyo aliiandika Ibn Juzayy kwa kusimuliwa, ikamalizika mwaka 1355, miaka 24 baada ya ziara ile. Jiwe na karatasi vikihitilafiana, mtoto na atafute sababu, asikimbilie kumwita mtu mwongo.

Nyumbani, mpeni mtoto barua ya babu yake, kisha msimulieni jambo lile lile kama mlivyolisikia. Aulize: Nani kasema? Alikuwapo, au aliambiwa? Alisema lini?

Na barua hizo na hati msizitupe. Ni nyumba ngapi zimechoma makaratasi ya wazee, kisha ndugu wakagombania shamba, huyu akisema "tulisikia" na yule akisema "tuliambiwa", wala hapana hata mmoja aliyeona? Mwenyezi Mungu atuepushe na fitina hiyo.