Chumba cha Magomeni

Kwenye bajeti ya familia, malazi yalikuwa mstari wa kumi na moja. Yalitanguliwa na vipimo, upasuaji, dawa, nauli za kutoka Mbeya, hata vocha za simu. Bajeti hiyo niliiandika mimi, mtu ambaye mkate wake ni kukagua miradi, na ambaye amewahi kuwagombeza watu wa wilayani kwa kununua pampu ya maji bila kujiuliza nani atashika spana. Mstari wenyewe ulisomeka: “Malazi karibu na hospitali, miezi miwili.” Nikaandika kiasi pembeni, nikaona nimemaliza.

Kaka yetu alikuwa anapandikizwa figo, dada yetu ndiye mchangiaji. Hospitali ilitimiza yake. Kilichotushinda ni yale maneno mawili: “karibu” na “miezi miwili”.

Tulianza na loji. Loji unalipa kwa usiku na jiko hakuna, na mtu aliyepandikizwa figo anameza dawa za kushusha kinga ya mwili ili mwili usiikatae figo ngeni. Kachumbari ya mama ntilie na tikiti lililokatwa barabarani kwake ni hatari. Lazima apikiwe, na maji yake yachemshwe. Tukahamia kwenye vyumba vya kupanga. Dalali akachukua hela yake ya kuonyesha, akatupeleka kwenye chumba cha ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Cha pili kilipakana na seremala, vumbi la mbao linaingia dirishani. Cha tatu kilikuwa Magomeni, chini, choo ndani.

Mama mwenye nyumba alitusikiliza mpaka mwisho. “Poleni sana, wanangu,” akasema. “Ila kodi yangu ni miezi sita.”

Nikamweleza tena kwamba tunahitaji miwili tu.

“Nimekuelewa, mwanangu. Sita.”

Kodi ya mwezi wa saba ikaenda kwa dalali.

Kosa lililofuata ni langu peke yangu. Nilipanga tuingie chumbani siku kaka atakayoruhusiwa. Nilisahau kwamba upandikizaji wa figo una wagonjwa wawili, na mchangiaji ndiye hutangulia kutoka. Dada aliruhusiwa siku ya tano. Siku hiyohiyo mama mwenye nyumba, kwa heshima ya mgonjwa, alikuwa amekipaka chumba rangi upya. Harufu ilikuwa inachoma macho. Dada akaenda kulala kwa binamu Mbagala. Kila tuta alishika ubavu kwa mkono, kimya, nami niko kiti cha mbele na bajeti yangu kwenye simu.

Upandikizaji wa figo ulianza nchini Novemba 2017, pale Muhimbili, wataalamu wetu wakishirikiana na wa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Waliokwenda Chennai wanaijua Greams Road: mitaa ya pembeni imejaa nyumba za wageni zenye jiko, unakaa wiki au miezi, na mwenye nyumba hahitaji kuelezwa mgonjwa wa figo ni nani. Mtaa ule umefundishwa na wagonjwa kwa miaka mingi. Sisi tulileta nyumbani madaktari, mashine na dawa, jambo kubwa ambalo limewaokoa wengi ambao nauli tu ingewashinda. Mtaa haukupanda ndege. Watoto wenye saratani angalau wana hosteli kupitia shirika la Tumaini la Maisha. Mtu mzima mwenye figo mpya ana dalali.

Halafu masika yakaja. Kwenye ramani, kutoka Magomeni hadi hospitali, Upanga, ni kama kilomita tatu, na katikati kuna Jangwani. Mkazi wa Dar es Salaam ameshaelewa. Wiki za mwanzo kaka alikuwa na kliniki mara mbili hadi tatu kwa wiki, na damu ya kupima kiwango cha dawa lazima itolewe kabla hajameza dozi ya asubuhi, saa kumi na mbili tangu ile ya usiku. Dozi yake ilikuwa saa tatu. Asubuhi moja mto Msimbazi ulikuwa umefunika barabara na mwendokasi umesimamishwa. Tulitoka saa kumi na mbili, tukazunguka kwa Kinondoni hadi Selander pamoja na jiji zima. Kaka alikuwa na vidonge kwenye bahasha, mfuko wa shati, akiugusa kila tukisimama. Tulifika saa nne kasoro.

“Umemeza?” muuguzi akauliza.

“Bado.”

“Vizuri, kaka. Kaa hapa.”

Tuliondoka baada ya miezi miwili na nusu. Kodi iliyobaki tulimwachia mama mmoja kutoka Songea, tuliyezoeana naye kwenye benchi la kliniki. Mwanawe alikuwa anasubiri zamu. Mama mwenye nyumba alitaka mkataba mpya wa miezi sita, tukabishana jioni nzima, mwisho akasema basi, huyo ni mgeni wenu. Miezi ile ilipokwisha akaja mgonjwa mwingine, akalipa miwili, na mama mwenye nyumba akapokea bila neno.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Alitaka kujua mgeni anayefuata anaingia lini, maana anapaka rangi, na safari hii anataka ikauke kwanza.