Kikapu cha Ukili au Mfuko wa Mia Tano?

Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tuliyoizoea kwa jina la rambo, kila aendaye sokoni ana swali la kujibu kabla hajafunga mlango: leo nitabebea nini? Wengi wetu hulijibu tukiwa tumeshafika mbele ya muuza nyanya, kwa kutoa mia tano nyingine. Nami nilikuwa hivyo, mpaka siku nilipofungua kabati la jikoni nikaporomokewa na rundo la mifuko mbadala, mingine imeng'oka mikono, mingine inapukutika kama magamba ya samaki.

Nikakaa nikapiga hesabu. Anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki, na kila safari akanunua mfuko wa shilingi 500, kwa mwaka hutoa 52,000. Akijitahidi kutumia kila mfuko mara tatu, bado humtoka zaidi ya 17,000. Kikapu changu cha ukili nilikinunua kwa 12,000 na sasa kimetimiza miaka mitatu. Nimelipa 2,000 mara moja tu, kushonewa mkono uliofumuka. Gawanya mwenyewe: haifiki 5,000 kwa mwaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mfuko mbadala huuzwa kwa jina la mfuko wa kitambaa. Si kitambaa. Ni polipropilini, yaani plastiki, ambayo nyuzi zake zimeshikamanishwa bila kufumwa. Ukiuanika juani muda mrefu unakauka na kumeguka, na vile vipande vinaishia kwenye mitaro ileile tuliyotaka kuisafisha. Kama huna budi kuununua, uinue kwenye mwanga kwanza. Ukiona vidole vyako upande wa pili, mrudishie mwenyewe; huo hautafika safari ya nne.

Wapo wanaokimbilia mfuko wa pamba, hasa ule mweupe wenye maneno ya kuhimiza utunzaji wa mazingira. Ni mzuri, unafulika, unakunjika mkobani. Lakini pamba inakula maji na ardhi nyingi. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa, kwa kigezo cha joto la dunia, mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki unaotumika mara moja tu. Kwa safari moja kila wiki, hiyo ni miaka miwili na nusu. Ulio nao utumie mpaka uchakae. Wa tano unaogawiwa bure kwenye semina, uache hapohapo.

Kikapu nacho kina udhaifu wake, tusifichane. Majani ya miyaa hayapendi unyevu: ukitia samaki mbichi moja kwa moja, harufu haitoki, na ukikifungia kikiwa kimelowa kinaota ukungu. Kisugue kwa brashi na sabuni, kisha kigeuze chini juu kwenye upepo mpaka kikauke kabisa. Kwa sababu hiyo vile vikapu vya kisasa, vyenye mikono ya ngozi na bitana ya kitenge, mimi naviona ni vya ofisini na harusini. Vinapendeza kweli, na mshonaji anastahili malipo yake, ila bitana ikishaloweshwa na mchicha ni kazi kuikausha. Kwa soko, chukua kisicho na bitana, na uangalie mikono: iliyoshonwa ikapita mpaka chini ya kitako hubeba viazi bila wasiwasi, iliyobandikwa ukingoni tu itakuangusha njiani.

Changu sasa kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani yake kuna ndoo ndogo ya mfuniko kwa ajili ya samaki. Kilipokuwa kikikaa juu ya kabati, nilikuwa nakikumbuka nikishapanda daladala.